Kitanda cha Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza leo alfajiri, na mimi nimeanza kazi niliyoililia mwaka mzima. Nimeona nianze na daftari hili pia, ili mvua zikiisha nijue tulikotoka.

Kazi yenyewe ni kuandika upya programu ya benki ya damu ya hospitali. Ile ya zamani tunaiita Kikongwe. Wodi ikihitaji damu, nesi anamwandikia Kikongwe: mgonjwa fulani, kitanda fulani, kundi fulani la damu. Kikongwe anajibu ipo au hakuna. Ikiwepo, chupa inashikwa kwa ajili ya mgonjwa huyo, na hakuna mwingine anayeigusa mpaka wodi iliyoishika iiachilie. Ni kazi nyepesi, lakini Kikongwe ametiwa viraka mpaka nguo yenyewe haionekani. Kila fundi aliyepita ofisini kwetu alimshonea chake, akaondoka.

Nina sababu ya kumchukia. Miaka miwili iliyopita wifi yangu, mke wa kaka, aliletwa hapa kujifungua. Damu yake ni ya kundi adimu, O hasi. Alipoanza kumwagika damu, Kikongwe aliulizwa, akajibu: hakuna. Gari likatumwa benki kuu ya damu. Wifi aliponea chupuchupu, mtoto hakupona. Kesho yake tukaambiwa kwamba chupa mbili za O hasi zilikuwa ndani ya friji muda wote ule.

Sasa wifi ana mimba tena, na siku zake ni katikati ya Mei. Nimeapa kwamba safari hii hatajibiwa na Kikongwe.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Paa la ofisi linavuja juu ya meza ya mwenzangu, si juu ya yangu. Mungu ni mwema.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha friji. Nimefanya kazi jengo hili hili miaka yote hii na sijawahi kuvuka mlango ule. Anayekitunza tunamwita Mzee Sweta, kwa sababu ya sweta lake la kijivu asilolivua hata jua la utosi. Alinifungulia huku ameweka kidole mdomoni, kama mtu anayekuingiza kwa mtoto aliyelala.

“Hapa hatupigi kelele,” alisema.

“Chupa zitasikia?”

“Nani ajuaye.”

Chupa zenyewe ni mifuko, ila kila mtu anasema chupa, nami sitaki ubishi. Zimepangwa rafu kwa rafu, nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi, kila moja na karatasi yake na tarehe yake. Mzee Sweta akanieleza kwamba damu haingoji. Ikipita wiki tano imekwisha, ni ya kumwaga. Nikamuuliza ile ya mbele kabisa ni ya nani.

“Sijui. Na atakayewekewa hatajua. Mimi hapa nazijua chupa tu, binti yangu. Watu siwajui.”

Nikazitazama upya. Mtu fulani aliketi, akakunja mkono wa shati, akatolewa sehemu yake mwenyewe, akanywa maji, akaenda zake sokoni. Na hiyo sehemu yake iko hapa kwenye baridi, inamngoja mtu asiyemjua. Jambo kubwa namna hii lilikuwa linafanyika nyuma ya ukuta wangu huku mimi nikilalamikia mashine ya kuchapa! Nilirudi mezani nikakaa kitambo bila kuandika hata mstari mmoja.

Jumatano, 12 Machi

Siku nzima nimemsoma Kikongwe pamoja na mwenzangu wa ofisini. Huyu namwita Mtani, kwa kuwa sijawahi kumsikia akisema neno bila kulitia mzaha. Tumecheka hadi mbavu zikauma. Mafundi waliotutangulia waliachiana maonyo ndani ya programu. Mmoja ameandika: “Usiguse hapa. Mimi niligusa.” Mwingine: “Sijui kwa nini inafanya kazi, naomba usiniulize.” Na katikati kabisa, mahali ambapo programu inajipinda kama njia inayokwepa kisiki, kuna hili: “Upasuaji, kitanda 31. Usimhesabu kama mgonjwa. Usimfute.”

Kisiki gani? Nilikwenda wodi ya upasuaji nikahesabu vitanda mwenyewe. Ni thelathini. Baada ya cha thelathini kuna dirisha, na chini ya dirisha kuna kiti cha plastiki.

“Takataka,” nikamwambia Mtani, na kitanda cha thelathini na moja sikukibeba kwenda upande wa pili, yaani kwenye programu mpya.

Upande wa pili ni raha tupu. Tunajenga juu ya kiunzi kipya, yaani fremu iliyoundwa tayari na mafundi wa mbali, wewe unakuja kupachika kuta na milango yako. Kila kitu kina mahali pake. Nikitazama nilichoandika leo najisikia kama niliyefagia uwanja mzima.

“Kipya kinyemi,” akasema Mtani.

“Malizia basi.”

“Ingawa kidonda.”

Nikamrushia kifutio.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemkuta wifi sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Hajanunua hata kijikofia cha mtoto. Kaka akianza habari ya kununua, anamkatiza: “Mgeni hatandikiwi kabla hajabisha hodi.” Basi kaka anatoka nje kukagua mifereji ya paa ambayo haina tatizo lolote.

“Wifi,” akaniita. Sote wawili tunaitana wifi, majina yetu tuliyasahau siku ya harusi. “Hiyo mashine yako mpya itanijua?”

“Itakujua jina na kundi lako kabla hujashuka garini.”

“Ile ya zamani nayo ilinijua jina.”

Nikamwongezea maji ya moto kwenye beseni.

Ijumaa, 28 Machi

Leo wasimamizi wa wodi wamekuja kuitazama kazi. Wa upasuaji ndiye niliyekuwa nikimwogopa. Jina lake la utani ni Sista Kufuli, maana funguo zote za wodi anazifunga kiunoni na huwezi kuazima kwake hata plasta bila kuandikishana. Alisimama nyuma yangu, miwani puani. Nikawaonyesha kuomba damu, kushika chupa, kuachilia chupa. Wengine wakapiga makofi.

“Na wagonjwa wakizidi vitanda?” akauliza Sista Kufuli.

“Unaongeza kitanda, Sista. Unabonyeza hapa.”

“Nani anaruhusiwa kubonyeza?”

“Msimamizi wa wodi.”

“Yaani mimi.”

“Yaani wewe.”

Akatabasamu. Watu walioajiriwa kabla yangu wanasema hawajawahi kuyaona meno yake. Nimerudi nyumbani nimejaa fahari kama pishi.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa mbili asubuhi Kikongwe amezimwa. Sikuhamisha wagonjwa wake wa zamani. Kila wodi imeandikisha upya waliomo vitandani. Ilipofika adhuhuri maombi ya damu yalikuwa yakijibiwa papo hapo, wakati Kikongwe alikuwa akijikuna dakika nzima kabla ya kusema lolote. Mganga mkuu alipita akanishika mkono. Mtani amenunulia ofisi nzima soda.

Jioni nilimwambia wifi, “Imewaka.” Akasema, “Haya,” akaendelea kukunja shuka.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Mashine inakwenda kama maji.

Jumatatu, 14 Aprili

Mzee Sweta ameniita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya friji, na mapajani kwake chupa za kumwaga, zimepita tarehe.

“Hizi zilishikwa,” akasema. “Zote. Wodi hazikuziachilia, nami siwezi kumpa mtu damu ya mgonjwa wa mtu.”

“Wagonjwa wenyewe wako wapi?”

“Mimi nitajuaje? Nimekwambia, nazijua chupa.”

Wiki iliyopita wodi ya wazazi iliomba damu ya aina hii hii, na mashine yangu ikasema hakuna. Bahati nzuri gari la benki kuu lilikuwa limefika asubuhi hiyo. Mzee Sweta alizibeba moja moja, taratibu, na kwa kila moja alisema jambo kwa sauti ya chini ambalo sikulisikia. Nadhani alikuwa anaomba radhi.

Kuna kosa mahali fulani kwenye programu yangu. Nitalipata.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna kosa. Nimeipekua mstari kwa mstari tangu jana. Mashine inasema kweli tupu kwa kila inachoambiwa.

Kisha saa tisa alasiri nilifungua orodha ya chupa zilizoshikwa, nikaona hivi: Upasuaji, kitanda 31, O hasi, chupa mbili.

Nilimwita Mtani, akaja, akainama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na mzaha. Sisi hatukukileta kitanda kile. Niliuacha mpindo ule kwa makusudi, nikajenga ukuta ulionyooka kama rula. Na katika muda wa siku tisa tu ukuta umejipinda mahali pale pale, kwa namba ile ile. Shangazi yake mama alikuwa akitembea akiburuta mguu wa kushoto, na binti wa binamu yangu ambaye hakuwahi kumwona anaburuta mguu wa kushoto. Ndivyo nilivyojisikia.

“Tuiandike upya tena?” akauliza Mtani, taratibu. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda wodini na mwavuli uliovunjika mbavu. Sista Kufuli hakuwepo; kulikuwa na nesi kijana anayepanga dawa. Nikatembea hadi mwisho. Ishirini na tisa, thelathini, dirisha, kiti.

“Dada,” nikamwuliza, “kitanda cha thelathini na moja amelala nani?”

Hakushangaa wala hakucheka. Alinijibu kama unavyomjibu mtu aliyeuliza saa ngapi.

“Hajafika.”

“Nani hajafika?”

“Mgonjwa. Tunamwekea damu yake. Yeyote atakayefika.” Akaendelea kuhesabu vidonge. “Akiba haiozi, ndivyo Sista anavyosema.”

Nimesimama pale nikikitazama kile kiti, mvua inapiga kioo, na ajabu ni kwamba nilishusha sauti, kama kwenye chumba cha Mzee Sweta. Wahenga walisema akiba haiozi, kweli. Lakini wahenga hawakuwa na friji ya damu.

Na niliporudi kutazama, kumbe kila msimamizi ameshabonyeza kile kitufe changu cha kuongeza kitanda, na kila wodi ina mgonjwa wake asiyekuwepo. Watoto wana wao. Wanaume wana wao. Hospitali yetu imejaa watu ambao hawajafika, wote wamewekewa damu, na aliyefika anaambiwa hakuna.

Ndivyo zilivyoshikiliwa zile chupa mbili za wifi. Miaka miwili iliyopita Kikongwe hakuwa amekosea. Aliulizwa akajibu alivyofundishwa, kama mashine yangu.

Jumanne, 22 Aprili

Hasira mbaya. Ijumaa nilizuia vitanda vyote vya ziada, bila kumwambia mtu. Leo asubuhi kitanda cha kumi na mbili cha upasuaji kina wagonjwa wawili, na wa pili ameandikwa jina lake ni Mgeni. Kwenye wodi ya watoto kuna mapacha ambao mama yao ana mtoto mmoja tu. Nimerudisha vitanda kama vilivyokuwa. Maji ukiyazibia huku yanatokea kule.

Jumatano, 23 Aprili

Sista Kufuli amenifuata ofisini mwenyewe, funguo zikimtangulia kulia. Mtani akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje, kwenye mvua.

“Umenifungia kitanda.”

“Nimekifungua tena.”

“Mwanangu, unajua nilikianza lini?” Akakaa bila kukaribishwa. “Nilikuwa nesi mgeni. Tukamwingiza seremala mmoja chumba cha upasuaji. Asubuhi niliuliza damu, nikaambiwa ipo. Mchana tunaihitaji, ipo imekuwa hakuna, wodi nyingine wameshachukua. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Alinibana vidole, halafu akaacha kubana. Tangu siku hiyo nikasema, wodi yangu haitaambiwa hakuna tena.”

Nilikuwa nimeuandaa ulimi wangu kama panga. Badala yake nikajikuta nasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Sista, miaka miwili iliyopita kulikuwa na mama leba, O hasi. Akaambiwa hakuna.”

“Nilisikia habari ile.”

“Ni wifi yangu. Mtoto alikuwa wa kaka.”

Funguo zikatulia. Alitazama mikono yake. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu; leo nimemwona.

“Sikujua alikuwa wa kwenu,” akasema. Kisha akasema, “Hata kama asingekuwa wa kwenu.” Akaondoka.

Nilidhani nitajisikia nimeshinda. Sikujisikia hivyo. Namfikiria yule seremala. Alifariki zamani, mimi nikiwa shule ya msingi, na jana bado alikuwa anaandika ndani ya programu yangu mpya. Kiunzi gani kingejua habari zake?

Alhamisi, 24 Aprili

Mto umepanda juu ya barabara. Gari la benki kuu limegeukia njiani.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika ya jana.

Kabla ya saa nne asubuhi kaka alipiga simu. “Wifi yako ameanza,” akasema, akakata simu. Bado wiki tatu! Jirani aliwaleta kwa gari lake, maji yakiwafika kwenye vitasa vya milango. Wifi aliposhuka alinishika bega akasema, “Mgeni amebisha hodi na mimi sijatandika,” akajaribu kucheka.

Hadi adhuhuri mambo yalikwenda vizuri. Kisha nikaona manesi wanatembea haraka bila kukimbia, na hapo nikajua. Damu ilikuwa inatoka. Nesi wa leba alikaa kwenye kompyuta, nikawa nyuma yake. Akaandika: O hasi.

Hakuna.

Ilijibu papo hapo. Yale maandishi ya kijani nilichagua mimi, nilibishana na Mtani siku nzima kuhusu kijani kile. Nilijenga upya kila tofali ili nisilione neno lile, nalo lilikuwa pale, zuri, safi, limekaa katikati ya kioo.

Sikumbuki vizuri varanda. Nakumbuka nimesimama mlangoni mwa upasuaji, maji yananidondoka, na Sista Kufuli anafunga kidonda cha mzee mmoja.

“Sista. Kitanda cha thelathini na moja.”

Alimalizia fundo la bendeji kwanza, kisha akainuka. “Barabara imekatika,” akasema. “Gari haliji leo wala kesho. Pikipiki zinaanguka huko nje tangu asubuhi. Nikiachilia zile mbili, nabaki mikono mitupu.”

“Ndiyo, Sista.”

“Nani?”

“Wifi yangu. Yule yule.”

Alitazama dirisha. Mimi nilitazama kiti. Hakuna hoja niliyokuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, yule seremala alikuwa na yake. Kisha akaenda kwenye kompyuta, akavuta miwani. Nilidhani atabonyeza “achilia”. Hakubonyeza. Alifungua kitanda cha thelathini na moja, mahali pa jina palipoandikwa “Hajafika”, akafuta herufi moja moja.

“Anaitwa nani?”

Nikalitaja jina la wifi yangu, ambalo sikumbuki mara ya mwisho nililitamka lini. Aliliandika kwa kidole kimoja, akarudi kukagua kama amelikosea, akainua simu.

“Mzee Sweta,” akasema. “Mgonjwa wangu wa thelathini na moja amefika. Yuko leba. Mpelekee.”

Mzee Sweta, ambaye hajawahi kuonekana nje ya chumba chake cha friji, alivuka uwanja kwa kukimbia. Alikuwa amelivua sweta na kulifunikia sanduku la damu ili lisipigwe na mvua.

Nilisimama nyuma ya kioo cha mlango wa leba. Chupa ilitundikwa. Tone la kwanza likashuka kwenye mrija, la pili, na nikaona, jamani, nikaona kwa macho yangu sehemu ya mtu tusiyemjua ikiingia kwenye mkono wa wifi yangu na kuanza kazi bila kuuliza swali. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Rangi yake ikarudi taratibu, kama taa inayoongezwa utambi. Nimesoma vitabu vingi vya kazi yangu. Hakuna nilichowahi kukisoma chenye ustadi kama ule.

Kisha sauti. Nyembamba, yenye hasira, kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Ni msichana. Kaka alikaa chini sakafuni palepale, kwenye maji ya miavuli ya watu, akalia kwa nguvu kumshinda mwanawe.

Mimi ni shangazi. Nimeliandika ili nilione.

Nilipogeuka, Sista Kufuli alikuwa amesimama nyuma yangu, viatu vimelowa. Sijui alikuwa pale tangu lini.

“Amebana mkono?” akauliza.

“Amebana, Sista. Nesi anasema anaumia vidole.”

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akarudi wodini kwake, kwenye mikono mitupu. Pikipiki ziliendelea kuanguka hadi jioni, lakini hakuletwa yeyote wa kundi lile. Ingeweza kuwa vingine. Alilijua hilo alipokuwa anaandika jina.

Jumatano, 30 Aprili

Wasimamizi wote wa wodi wamekaa chumba kimoja na Mzee Sweta. Inasemekana ni mara ya kwanza tangu hospitali ijengwe. Walianza kwa kurushiana maneno, kila mmoja na mgonjwa wake aliyemfia mikononi, na kila mmoja alikuwa na haki. Mzee Sweta alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mimi nilidhani ni majina ya watu. Ningejua ni hofu, ningekuja kuwauliza.”

Waliafikiana hivi. Kitanda cha thelathini na moja kitakuwa kimoja, cha hospitali nzima, kina rafu yake kwenye friji na kinaonekana juu kabisa ya kioo kwa kila mtu. Kila asubuhi wanakutana wamesimama, kila wodi inasema kwa sauti inachohitaji na isichokihitaji tena.

Sehemu yangu ilikuwa mistari michache. Ningeweza kumwandikia hata Kikongwe kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

“Kwa hiyo masika mazima tumetwanga maji?” akauliza Mtani.

Nimelifikiria swali hilo siku nzima. Kama nisingeandika upya, hadi leo ningekuwa namlaumu Kikongwe. Ilibidi nimjenge mwenyewe, kwa mikono yangu misafi, kwa kiunzi kipya, ndipo nione kwamba ule mpindo haukuwa wake.

“Maji tumetwanga,” nikamjibu. “Lakini tumeujua mchi.”

Jumatatu, 5 Mei

Leo kwenye kikao cha asubuhi Sista Kufuli amesema, mbele ya wote, “Ninayo chupa moja ya ziada. Ichukueni.” Watu wawili wakasahau kufunga midomo. Mmoja wao ni mimi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imepungua. Kaka amenunua kofia za mtoto za kutosha kituo cha yatima. Wifi hajamkataza.

Ijumaa, 23 Mei

Jua. Matope ya uwanjani yamekauka na alama za viatu bado zimo.

Wifi amemleta mtoto kliniki, kisha akaniambia, “Nipeleke nikakione hicho kitanda.” Nilikuwa nimeshamweleza yote, ya mwezi uliopita na ya miaka miwili iliyopita. Alinisikiliza huku ananyonyesha, na tangu siku hiyo hajaligusia jambo hilo. Kwa hiyo nilipompeleka upasuaji sikujua anakwenda kufanya nini.

Sista Kufuli alituona tukiingia akasimama wima kati ya vitanda. Wifi alimpita taratibu, akahesabu kwa midomo hadi thelathini, akafika dirishani.

“Ni hapa?”

“Ni hapo,” akasema Sista.

Wifi akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Alitazama nje, uwanja, nguo za wagonjwa kwenye kamba. Mtoto alikuwa amelala.

“Mara ya kwanza nilikuja,” akasema, bila kugeuka. “Mkasema sijafika.”

Yule mzee wa bendeji akaacha kukohoa.

“Ndiyo, mama,” akasema Sista Kufuli. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nilikuwa naangalia njia nikikungoja, kumbe umeshaingia kwa mlango mwingine.”

Wifi akamgeukia. Wakatazamana, na mimi sikujua pa kuweka macho yangu. Kisha wifi akamwinua mtoto kutoka mapajani, akamnyoosha mbele kwa mikono yote miwili.

“Haya, mpokee huyu,” akasema. “Mzito, mikono imechoka.”

Sista Kufuli alifungua zile funguo kiunoni akaziweka kitandani, nadhani zisije zikamchoma mtoto. Akampokea. Hakumbembeleza, hakumwimbia, alimshika tu, akasimama naye penye mwanga wa dirisha. Tulipotaka kuondoka, ilibidi nimwombe mara mbili amwachilie.